Kuuza gari kuukuu uliyokuwa ukiifufua bila ya kupewa bei ya vyuma chakavu: mwongozo kamili kwa walioko Unguja na Pemba

Mtu wa kwanza kuja kuitazama Land Rover yangu hakuomba hata nimfungulie boneti. Aliizunguka mara moja, akaigonga ubavuni kwa ngumi, kisha akaniuliza ina kilo ngapi. Ni Series III, ile ndefu ya inchi 109. Nilikuwa nimeishughulikia miaka sita uwani kwetu Fuoni: injini imeshushwa na kurudishwa, giaboksi imepata beringi mpya, breki zote zimebadilishwa. Yeye alikuwa anapiga hesabu ya vyuma chakavu. Wa pili alikuja na dalali, akataja bei ambayo haikufika nusu ya nilichotumia kwa spea peke yake. Usiku ule sikupata usingizi, na najua kuna wenzangu wengi wenye gari juu ya mawe uwani ambao wameupitia usiku kama ule.

Baada ya miezi minane niliiuza kwa bei niliyoridhika nayo. Tangu hapo nimemsaidia ndugu yangu wa Chake Chake kuuza Suzuki SJ410, na jirani kuuza Vespa iliyokaa bandani tangu watoto wake wako skuli ya msingi. Haya ninayoyaandika ndiyo tuliyoyafanya, pamoja na yale ambayo natamani ningeyajua mapema.

Wazee wana usemi: chema chajiuza, kibaya chajitembeza. Kwa gari kuukuu iliyo nusu ya matengenezo, usemi huo haukufai kitu. Ukitaka kuuza Escudo au IST, mtaa mzima unajua bei, kwa sababu kila wiki kuna iliyouzwa na watu wanasimuliana. Land Rover ya miaka ya sabini ambayo haijamalizwa haina bei ya mtaani. Anayekuja anakisia tu, na kila asichokijua anakipunguza kwenye bei yako: hajui karatasi zikoje, hajui chasisi imeoza kiasi gani, hajui kwa nini umeamua kuiacha. Kazi yako muda wote huu ni moja, kumwondolea mambo ya kukisia. Kila unalomthibitishia linarudisha fedha mfukoni mwako, na mara nyingi linarudisha zaidi kuliko rangi mpya.

Anza na karatasi, kabla hujashika spana

Gari isiyo na karatasi safi ni rundo la spea. Hapa ndipo wengi wanapoteza, na hapa ndipo nilipopoteza miezi mitatu.

Toa kadi ya gari uisome kama hujawahi kuiona. Jina ni la nani? Namba ya chasisi inafanana na iliyogongwa kwenye chasisi yenyewe, si kwenye bamba la kupigiliwa tu? Namba ya injini je? Kwenye gari hizi injini huhama. Mtu kabadilisha mwaka 1995, hakwenda kuandikisha, na leo kadi inasema jambo moja na bloku inasema jingine. Sugua kutu kwa brashi ya waya, weka karatasi juu ya namba, pitisha penseli ya risasi mpaka tarakimu zitokeze. Karatasi hiyo iweke pamoja na kadi. Mnunuzi makini akiiona tu, anajua amekuja kwa mtu wa aina gani.

Kama namba zimetofautiana, nenda Mamlaka ya Mapato Zanzibar, ZRA, ile ambayo wengi bado tunaiita ZRB, ukaulize utaratibu wa kusahihisha. Uliza papo hapo pia kama gari ina deni la ada za miaka iliyokaa bila ya kutembea. Usikubali kuligundua deni hilo mnunuzi akiwa amesimama pembeni yako dirishani, kwa sababu hapo hapo ataligeuza kuwa punguzo maradufu.

Tabu kubwa zaidi ni jina la marehemu. Gari nyingi za umri huu zilinunuliwa na baba au babu, mwenyewe akafariki, na familia ikaendelea kuitumia au ikaiacha chini ya mwembe. Gari hiyo si yako peke yako hata kama wewe ndiye uliyelipia kila boliti, na hata kama ndugu zako wote wanasema "chukua tu, nani anaitaka ile". Siku wakisikia bei, watakumbuka. Gari yangu niliinunua kwa familia moja ya Wilaya ya Kati, nikapewa kadi mkononi na maneno mazuri, na miaka sita baadaye nikagundua kwamba mwenye jina alishafariki na mirathi haijagawiwa. Ilibidi nirudi kwao kuomba wapite kwenye utaratibu wa mirathi, na warithi wengine walikuwa Dar es Salaam na Muscat. Kama gari yako iko hivyo, anza leo. Kwa Waislamu hapa kwetu kuna Kamisheni ya Wakfu na Mali ya Amana na kuna Mahkama ya Kadhi; mtafute mkubwa wa familia akuongoze kwenye mlango unaohusika. Pata maandishi yenye majina na saini za warithi wote. Sheha wa shehia yenu awepo au ajue, maana yeye ndiye anayeijua familia.

Gari iliyotoka serikalini kwa mnada nayo ina kamba yake. Tafuta risiti na barua ya mnada, kwa sababu kila mnunuzi ataiulizia.

Jalada lako likikamilika liwe na kadi, chapa ya penseli ya namba, maandishi ya ununuzi wako, risiti za spea ulizonazo, na nakala ya kitambulisho chako cha Mzanzibari Mkaazi. Andaa pia ukurasa mmoja wa mkono wenye historia ya gari: nani alikuwa nayo, ilitumika kwa kazi gani, lini ilisimama na kwa nini.

Ijue gari yako kwa jina lake kamili

Ukisema "nauza Landrova ya zamani", umejiweka kwenye kapu moja na kila bati linalotembea. Anayezitafuta kweli ataanza kwa kukuuliza ni ipi, na jibu lako ndilo litakaloamua atakuheshimu au atakupanga.

Series III ilitengenezwa kuanzia 1971 hadi 1985. Ukitaka kuitofautisha na dada yake mkubwa, Series IIA, tazama saa za dashibodi: kwenye IIA ziko katikati, kwenye Series III ziko mbele ya dereva. Wavu wa mbele wa Series III ni wa plastiki, wa zamani ni wa chuma. Kuna fupi ya inchi 88 na ndefu ya inchi 109. Injini ya petroli ya silinda nne iliyoenea ina sentimita za ujazo 2,286, na kuanzia 1980 krankshafti yake ilipata beringi kuu tano badala ya tatu. Jambo dogo hilo, lakini mwenye kuzipenda hulipa tofauti yake, na kama unayo hiyo ya beringi tano na hukuisema umempa zawadi bila ya kujua.

Nyingi zilizobaki kwetu zimeshawekewa injini za Kijapani. Hilo si aibu na usilifiche. Mwenye shamba au mwenye hoteli atafurahi, maana anataka gari ya kuamka asubuhi na kufanya kazi. Mkusanyaji wa gari za kale atasikitika, maana anataka ilivyotoka kiwandani. Kwa hiyo ukishajua gari yako ni ipi umeshajua pia robo ya jambo jingine, yaani nani wa kumpigia simu.

Kwa Vespa na Suzuki ni hivyo hivyo: aina kamili, ukubwa wa injini, mwaka, na kitu gani si chake cha asili.

Kutu: ionyeshe wewe kabla hajaitafuta yeye

Sisi tunaishi kisiwani. Upepo wa bahari unaingia uwani hata kama uko Tunguu, na aliyewahi kuacha spana nje wiki moja Nungwi au Wete anajua. Mnunuzi wa gari kuukuu Zanzibar anakuja na wazo moja kichwani: imeoza. Kama utamwachia aitafute kutu mwenyewe, atakayoiona moja ataihesabu kumi.

Chasisi ya Land Rover ni chuma cha mraba kilicho wazi ndani, na huoza kutoka ndani kuja nje, kwa hiyo rangi nzuri ya nje haithibitishi kitu. Chukua nyundo ndogo, lala chini na uigonge taratibu kila shubiri moja. Chuma kizima kinalia kama kengele. Kilichooza kinatoa sauti iliyokufa, na nyundo huacha kishimo. Sehemu za kuangaliwa sana ni boriti ya nyuma kabisa, mikono inayotoka ubavuni kushika bodi chini ya milango, na panaposhikia springi. Halafu ukuta wa chuma ulio kati ya injini na abiria, hasa panapokaa miguu na kwenye nguzo za milango. Zungushia kila pabovu kwa chaki nyeupe, na upige picha.

Bodi yenyewe ya Land Rover, sehemu kubwa, ni aloi ya alumini. Haipati kutu nyekundu, lakini inapogusana na chuma kwenye hewa yetu ya chumvi hutoa unga mweupe na kuliwa taratibu. Hapa kuna jambo litakalokuokoa na ugomvi. Wanunuzi wengi siku hizi hutembea na sumaku ndogo wakitafuta puti, ule udongo wa kuzibia mashimo kabla ya rangi, ambao sumaku haiushiki. Kwenye Suzuki au Vespa sumaku inafanya kazi vizuri, maana mabati yake ni chuma. Kwenye ubavu wa Land Rover sumaku haishiki popote, na kuna mnunuzi aliyenitazama kama mwizi akidhani gari nzima ni puti. Mweleze mapema, kabla hajaitoa mfukoni.

Osha chini kwa maji baridi ya bomba, acha ikauke siku mbili tatu, basi. Usipake lami wala oili chafu wiki ya kuuza. Fundi yeyote anayeongozana na mnunuzi akiona weusi mbichi chini ya gari anajua kuna kinachofunikwa, hata kama hakipo. Na kama kipo kweli ukakifunika, hilo nalo litazame kwa dini yako. Sote tumefundishwa chuoni kisa cha lundo la nafaka lililolowa chini na kukauka juu.

Nini umalize, nini uache

Usimalize gari. Najua inauma. Ukiwa umebakisha "kidogo tu", moyo unakwambia paka rangi kwanza, weka viti kwanza, ndipo uuze. Lakini anayenunua gari ya kufufua ana rangi yake kichwani tayari, na shilingi milioni utakayoweka kwenye rangi hutarudishiwa hata nusu.

Vitu vinavyorudisha fedha ni vile vinavyothibitisha uzima. Cha kwanza, injini iwake. Gari inayowaka, hata kama haina viti, iko daraja nyingine kabisa na gari isiyowaka. Tofauti hiyo niliiona kwa macho yangu, wiki moja tu kabla na baada ya kuweka betri na kusafisha kabureta. Cha pili, magurudumu yazunguke na breki zishike, ili iweze kusukumwa na kupanda kwenye lori au meli. Cha tatu, iwe kitu kimoja. Gari iliyotawanyika kwenye magunia inaonekana imepotea nusu, hata kama kila boliti lipo. Funga milango mahali pake, hata kwa boliti mbili mbili. Kisichofungika kiweke kwenye boksi lenye jina juu yake.

Baada ya hapo weka spana chini.

Bei: hesabu ambayo haitaki fedha ulizotumia

Kosa langu la kwanza lilikuwa kuanza na daftari la matumizi. Nilijumlisha miaka sita, nikaongeza jasho langu, nikapata bei. Mnunuzi hana deni na miaka yangu sita. Yeye ana swali moja tu: mpaka itembee barabarani itanigharimu kiasi gani, na je, ningeweza kupata iliyo tayari kwa fedha hizo?

Basi anza kule anakoanzia yeye. Tafuta gari ya aina yako inayotembea na yenye karatasi imeuzwa kiasi gani, si imetangazwa kiasi gani. Waulize mafundi wa gereji, wao ndio wanaojua fedha iliyotolewa kweli. Kisha toa kazi iliyobaki. Kisha toa hofu yake, maana hakuna fundi aliyefungua gari kuukuu akakuta kile alichokitegemea peke yake. Kisha toa kidogo kwa ajili ya usumbufu wa kuhangaika.

Nitatumia tarakimu za kuonyeshea njia tu. Wewe weka za soko la siku yako. Tuseme inayotembea inauzwa shilingi milioni 14. Kazi iliyobaki: kuchomea chasisi nyuma 900,000, nyaya za umeme 600,000, viti na turubai 750,000, matairi 1,000,000, rangi 1,250,000. Jumla ni 4,500,000. Kwa hofu mimi huweka theluthi ya kazi iliyobaki, yaani 1,500,000. Usumbufu 1,000,000. Ukitoa yote kwenye 14,000,000 inabaki 7,000,000. Hiyo ndiyo bei ya haki. Tangaza 7,800,000 ili mtu apate pa kupunguza, na uweke moyoni kwamba chini ya 6,500,000 hutoki.

Sasa piga hesabu ya pili, ya kuivunja. Injini ukiiuza peke yake 1,800,000, giaboksi 1,200,000, ekseli mbili 1,000,000, milango na mabati ya bodi 900,000: jumla 4,900,000. Kuuza kipande kipande huchukua hata mwaka na hukuachia uwanja mchafu, na kadi ya gari iliyovunjwa nayo unatakiwa kwenda kuieleza. Lakini tarakimu hiyo ni ngao yako. Anayekuja na bei ya vyuma chakavu unamjibu kwa utulivu kwamba hata injini na giaboksi peke yake vinampita, na unampa hesabu kwenye karatasi.

Iandike hesabu nzima vizuri, orodha ya kazi iliyobaki na gharama zake, uwe nayo siku ya mazungumzo. Kwa wengi wao itakuwa mara ya kwanza kuona muuzaji akitaja ubovu wa gari yake kwa shilingi.

Wanunuzi wako wako wapi

Hawako wengi, na hawako sehemu moja. Kuna wenye hoteli na watembezaji wa wageni wa Paje, Jambiani, Nungwi, wanaotaka gari yenye sura. Kuna wenye mashamba wanaotaka kubeba mzigo kwenye njia mbovu. Kuna mafundi wenyewe, ambao wana macho lakini mfuko mwembamba. Na kuna watu wa Bara, hasa wanaohusika na safari za mbugani, wanaozijua gari hizi kuliko sisi.

Mtu wa Bara mwambie ukweli tangu simu ya kwanza. Gari yenye namba za Z haigeuki ya Bara kwa kuvuka bahari. Kuna taratibu za forodha za TRA, na huenda akadaiwa kodi. Aulize mwenyewe apate jibu kabla ya kupanda boti kuja kuitazama. Ukimficha, ataligundua, na safari zenu zote mbili zitakuwa zimepotea.

Wakati nao una thamani. Masika, kuanzia Machi mpaka Mei, hoteli nyingi ziko kimya na gari yako iko kwenye tope. Ramadhani watu wanafikiria futari na nguo za sikukuu. Mimi niliuza Julai, wageni wameanza kujaa na mwenye hoteli ana fedha mkononi. Pemba angalia karafuu. Msimu wa mavuno ukiwa mzuri, yule aliyekuwa akiipita gari yako kila siku bila ya kugeuza shingo ndiye anayekuja kubisha hodi.

Madalali wana faida yao, wanajua nani anatafuta nini. Ila chagua mmoja, si watatu, kwa sababu wakiwa watatu kila mmoja atamshushia mwenzake bei. Kubalianeni udalali wake kwa maandishi, kiasi kinachojulikana, na mwambie wazi kwamba hakuna cha juu. Dalali anayeficha bei yako ili aongeze yake ndiye anayemfukuza mnunuzi mzuri, na wewe hutajua kamwe kwa nini hakurudi.

Tangazo na picha

Picha zipigwe asubuhi mapema au jioni, gari ikiwa imetolewa kwenye magugu. Pande nne, injini, dashibodi, chini, na zile sehemu ulizozungushia chaki. Ndiyo, tuma na picha za kutu. Zinawaondoa wasumbufu wanaokuja kupoteza alasiri yako, na wanaobaki wanakuamini. Kadi usiipige picha namba na jina vikisomeka.

Piga na video ya injini ikiwashwa baridi, kuanzia unapoweka mkono juu ya boneti kuonyesha kwamba haijapashwa moto, mpaka inapotulia. Dakika moja inatosha, na hiyo dakika ilinifanyia kazi kuliko maneno yote.

Taja bei. "Bei maelewano" inaita walanguzi.

Siku ya kuja kuitazama

Usiiwashe kabla hajafika. Mwenye kujua ataweka kiganja kwenye injini kwanza, akikuta moto atakisia kuwa inasumbua ikiwa baridi.

Mkaribishe kama mgeni, maji au chai, halafu anza wewe na ubovu. Mimi nilimpeleka moja kwa moja kwenye boriti ya nyuma, nikampa nyundo. Akagonga. Akanitazama. Kuanzia hapo tulizungumza kama watu wawili wenye tatizo moja la kulitatua.

Kama bima imekwisha, usikubali itoke barabarani hata kwa "mzunguko mmoja tu mpaka Kwerekwe". Ajaribu ndani ya uwanja au kwenye njia ya shamba.

Kuna swali ambalo litakuja, mara nyingi kabla hata hajaiona: "Sheikh, bei ya mwisho ngapi?" Usilijibu kwa simu. Mwambie, "Ije jicho lako kwanza, sheikh wangu, bei haitatushinda." Akishatazama na kutaja yake, toa ile karatasi ya hesabu. Akisema matairi yamekwisha, mwonyeshe kwamba matairi yamo, yameshatolewa. Akipata ubovu ambao kweli hukuuandika, kubali, na upunguze kwa gharama yake, si zaidi. Aliyenunua yangu alikuta bomba la maji la hita limepasuka kwa ndani; nilipunguza papo hapo, na nadhani ndilo lililomaliza mazungumzo.

Atakayetaja theluthi ya bei yako, mshukuru na msindikize mpaka mlangoni. Usigombane naye, maana kesho atakutaja kwa mwenzake "yule mwenye Landrova Fuoni", na mwenzake huyo anaweza kuwa ndiye.

Ndugu na majirani watakwambia unaikatalia riziki. Kama hesabu yako umeifanya kwa haki, subiri. Kama imepita miezi sita na watu kumi wameitazama, wote wakaishia kwenye tarakimu moja, basi wao ndio soko, rudia hesabu.

Kama gari iko Pemba

Tatizo la Pemba ni kwamba wanunuzi wengi wako Unguja na hawapandi meli kuja kubahatisha. Suzuki ya ndugu yangu tuliiuza kwa njia hii: tulimlipa fundi anayeaminika na pande zote mbili aende Chake Chake kuigonga na kuiandikia ripoti kwa mkono, na nusu ya malipo ya fundi ikatoka kwa mnunuzi. Gharama ya meli kutoka Mkoani, pamoja na kuifikisha bandarini, iwekwe wazi ni ya nani kabla bei haijafungwa. Milima ya kuelekea Mkoani si ya kujaribia breki za gari iliyokaa miaka, tuliipandisha lori.

Fedha, maandishi, jina

Arbuni ikitolewa, iandikwe: kiasi, tarehe ya kumalizia, na nini kitatokea asipomaliza. Bila ya hivyo utakaa na arbuni ya mtu na gari isiyouzika.

Fedha zote zipitie benki, na muwe pamoja dirishani. Ujumbe wa simu unaosema fedha zimeingia si fedha. Ujumbe wa bandia uko mwingi. Ufunguo hutoka mkononi mwako baada ya mtu wa benki kuthibitisha salio.

Hati ya mauziano iwe na namba ya chasisi na ya injini, hali ya gari kama ilivyo pamoja na orodha ya ubovu uliomwonyesha, bei, tarehe na saa, nakala za vitambulisho, na mashahidi wawili wa kila upande. Wakili akiisimamia ni bora. Sheha ajue.

Kisha nendeni pamoja mkabadilishe jina. Usikubali "nitabadilisha mwenyewe wiki ijayo". Gari ikigonga mtu Kijichi kesho na jina bado ni lako, mlango utakaobishwa ni wako. Baki na nakala ya kila kitu, pamoja na ya kadi mpya yenye jina lake.

Siku anapoichukua, mpe maboksi yote ya spea pamoja na daftari lako la matengenezo. Halitakufaa tena, naye litamwokolea siku nyingi za kutafuta. Wangu nilimwonyesha pia namna inavyopenda kuwashwa asubuhi ya mvua: choki nusu, mguu usikanyage mafuta, hesabu mpaka tano, ndipo upige stata.